Kidari cha Isidori

Baba mdogo Luhende alifika Musoma saa saba mchana, saa ambayo mwenye nyumba hawezi kukificha chakula chake. Alikuta sinia la ugali wa muhogo mezani na pembeni yake bakuli la mapanki. Kwa asiyeishi jirani na kiwanda cha samaki, mapanki ni kile kinachobaki baada ya sangara kutolewa minofu yote miwili: kichwa, mgongo, mkia, na vinyama viwili vitatu ambavyo kisu kimevisahau penye mbavu. Minofu hupanda ndege kwenda Ulaya. Mapanki hupanda mkokoteni kwenda kwa walimu.

"Karibu, baba," alisema Mwalimu Thadeo, akimsogezea kiti.

Luhende alinawa, akamega tonge, akachungulia bakuli kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. "Hii samaki," akauliza, "mwanzo alikula nani?"

Dafroza, mke wa Mwalimu, alicheka kwa sababu hakuwa na jambo jingine la kufanya. Alikuwa amesimama getini kwa kiwanda tangu alfajiri, akisukumwa na wenzake na kutukanwa na mlinzi wa umri wa baba yake, ili apate hayo mapanki. Thadeo hakucheka. Aliona masikio yanamwaka moto.

"Kaka yangu Masatu, Mungu amrehemu, alikuwaga anawatupia paka kichwa cha sangara," Luhende aliendelea, huku akinyonya mfupa kwa bidii. "Leo mwanaye kasoma mpaka chuo, anamnyang'anya paka. Basi tuseme ndiyo maendeleo."

Hakuwa mtu mbaya, Luhende. Alikuwa mtu wa kusema kila kilichomjia mdomoni, na watu wa namna hiyo huvumiliwa kwa kuwa mara nyingi wanasema kweli. Mshahara wa Mwalimu wakati ule ulikuwa ukifika tarehe kumi haupo tena. Madukani kulikuwa na kila kitu, vitu ambavyo miaka kumi nyuma watu walivipanga foleni na kuvikosa: sabuni za kunukia, betri, vitenge vya wax. Sasa vilikuwepo vimepangwa vizuri, na watu walipita kuviangalia kama wanaangalia picha.

Lakini shida ya nyumba ile haikuwa sabuni. Ilikuwa Esta. Mtoto wao wa kwanza, miaka kumi na minne, alikuwa amemaliza darasa la saba akiwa wa pili katika shule yao, na hakuchaguliwa kwenda sekondari ya serikali. Shule moja ya binafsi kule Bunda ilimpa nafasi. Mkuu wa shule, mtu mpole sana, alisema nafasi hiyo ataishika mpaka mwisho wa Januari, baada ya hapo atampa mwingine. Esta alishajishonea begi kwa kitambaa cha gunia la sukari. Lilining'inia nyuma ya mlango wa chumbani, na kila baba yake alipofunga mlango huo lilimgonga begani.

"Nimekuja na neno," alisema Luhende alipomaliza. "Kampuni ya samaki inautaka ule ufuko wetu wa Murangi. Wanataka kujenga nyumba ya barafu na mizani. Watalipa fidia. Mwenyekiti wa kijiji anasema mwenye shamba atachukua nusu, nusu iliyobaki tutagawana ndugu wote."

"Shamba la ufukoni si la Isidori?"

"Analima yeye."

"Tangu baba yake."

"Tangu baba yake, sikatai." Luhende alifuta mikono taratibu kwenye magoti ya suruali. "Lakini bibi yake alifikaje pale, Thadeo? Aliachwa yeye, kapu mbili za ulezi zikaondoka. Au wewe uliyesoma historia mmefundishwa vingine?"

Dafroza alinyanyuka akakusanya vyombo, ingawa watu walikuwa bado hawajamaliza.

*

Habari za vikapu viwili vya ulezi zilikuwa hazitajwi katika ukoo ule kwa miaka ishirini na moja, na kila mtu alizijua. Katika njaa ya zamani, kabla babu zao hawajamwona Mzungu, mtu mmoja alishuka kutoka nchi ya ng'ombe, upande wa Butiama, akiwa na binti yake mdogo aitwaye Wegesa. Ziwani kulikuwa na samaki na ghalani kulikuwa na ulezi. Mtu yule alirudi kwao na vikapu viwili, binti akabaki. Alikua, akachota maji, akapalilia, akazaa mtoto wa kiume, Magige, na Magige akamzaa Isidori. Wakaitwa watu wa ulezi.

Hakuna aliyewapiga. Walikula, walivaa, walioa. Ila siku ya kuchinja ng'ombe wa ukoo, kidari hakikuwafikia. Kidari ni nyama ya wana. Mkubwa wa nyumba hukishika kisu, hukata vipande, akampa kila mwana wa nyumba mkononi, na aliyekula kidari ndiye mwenye sauti penye ardhi, penye mahari na penye kaburi. Watu wa ulezi walipewa miguu na utumbo, na walipokufa walizikwa nje ya ua.

Mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijijini na kila mkutano ukawa unasema binadamu wote ni ndugu, Masatu, baba yake Thadeo, aliyasikia maneno hayo akayachukulia kuwa kweli. Alichinja fahali. Kipande cha kwanza cha kidari hakumpa ndugu yake Luhende, wala mwanawe Thadeo. Alimwita Magige, mwana wa Wegesa, akamwekea mkononi mbele ya ukoo mzima, akasema: "Kuanzia leo, atakayemwita huyu mtu wa ulezi atoke kwenye mji wangu." Magige alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Alilia mpaka nyama ikapoa mkononi.

Thadeo aliyaona hayo akiwa na miaka kumi na sita, amesimama bega kwa bega na Isidori. Usiku uleule Isidori alimwuliza, "Kwa hiyo sasa mimi nawe ni sawa?" Thadeo akamjibu, "Kwani lini hatukuwa sawa?" Lilikuwa jibu zuri, na alijivunia kwa miaka mingi kwamba aliwahi kulitoa.

*

"Hatumfukuzi mtu," Luhende alikuwa amesema wakati akisindikizwa stendi. "Wala hatutamki lile neno, baba yako alilikataza na mimi namheshimu. Jumamosi tunachinja, tunakubaliana habari ya ufuko. Kisu ni chako, wewe ndiye mkubwa wa nyumba tangu baba yako afe. Ukimfikia Isidori, ruka tu. Mwenyekiti ataandika majina ya waliokula kidari. Nusu ya mwenye shamba itakuwa ya mji wa Masatu. Yaani yako wewe na mama yako."

"Na wewe je, baba?"

"Mimi si nimekuletea habari? Utanikumbuka."

Thadeo hakujibu, na Luhende alipanda gari akijua amekubaliwa. Kama angeambiwa atamke kwa mdomo wake kwamba Isidori si ndugu, Thadeo angekataa. Alilijua hilo na lilimfariji. Kuruka tu hakukuhitaji neno. Ndivyo mtu mwenye elimu anavyofanya uovu wake, anatafuta kwanza namna ya kuufanya bila kufungua mdomo.

Alhamisi ile alikuwa na kidato cha tatu. Mada ilikuwa utumwa katika makoloni ya Wafaransa. Aliandika ubaoni kwa Kiingereza kama taratibu zilivyotaka, kisha akaweka chaki akaeleza kwa Kiswahili kama akili ilivyotaka: namna watumwa wa visiwa vya miwa walivyoasi, namna bunge la Ufaransa mwaka 1794 lilivyosimama likapiga kelele za furaha likatangaza kwamba utumwa umekwisha katika makoloni yote. Alikuwa mwalimu hodari. Alisimulia mpaka wanafunzi wakapiga makofi. "Tutaendelea wiki ijayo," alisema, akijua kinachofuata ni mwaka 1802.

*

Jumamosi hiyo Murangi kulikuwa na upepo wa ziwani uliokausha nguo upesi. Fahali alichinjwa na Isidori. Ndiye aliyekuwa na mkono mzuri kwa kuchuna, ngozi ilitoka nzima bila tundu hata moja. Alikuwa ameamka mapema akamchotea maji Mama Tereza, mama yake Thadeo, akampasulia kuni, akamtoa nje kwenye jua kwa kumbeba, maana miguu ya mama ilikuwa imevimba tangu masika. Isidori alimwita mama. Hakuwa na mwingine. Wa kwake alifariki alipomzaa.

"Thadeo, kaka!" alimpokea Thadeo njiani akamnyang'anya begi. "Umekonda. Mjini hawalagi?"

"Wanakulaga kidogokidogo."

"Nimekuwekea muhogo gunia moja, utaondoka nao. Na Esta vipi, ataenda shule?"

"Tunaangalia."

"Aende. Hii pesa ya ufuko ikitoka mimi naweka kwa Esta kwanza. Wangu bado wadogo, watangoja."

Thadeo alisema asante. Alisema kwa sauti ya chini sana, Isidori akadhani ni uchovu wa safari.

Wana wa nyumba walikaa duara mbele ya mlango wa Masatu, wanane kwa hesabu ya miaka yote iliyopita. Mwenyekiti wa kijiji alikaa pembeni na daftari lake. Luhende alisema maneno mafupi kuhusu kampuni, wote wakaitikia. Kidari kililetwa kwenye sinia, kikitoa moshi, na kisu juu yake.

Thadeo akasimama. Alimpa Luhende. Alimpa mwana wa Luhende. Aliyefuata alikuwa Isidori, ambaye alikuwa amenawa damu ya kuchinja kwa sabuni mpaka viwikoni, na alikuwa amekwisha kunyoosha mikono, yote miwili pamoja, kama baba yake alivyofundishwa kupokea mwaka ule. Thadeo alikata kipande. Alikiona kipande, aliiona mikono. Akasogea hatua moja, akampa aliyekaa baada ya Isidori.

Ng'ombe mmoja alilia zizini. Isidori hakushusha mikono mara moja. Labda alidhani kisu kimekosea njia na kitarudi. Thadeo alimaliza duara. Sinia lilikuwa limebaki na vipande viwili.

"Kaka," Isidori aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "kidari kimeisha?"

Vipande viwili vilikuwa pale, wote wanaviona. Angeweza hata wakati ule. Mkono ulikuwa mwepesi na kisu kilikuwa chake. Lakini aliliona begi la gunia la sukari likining'inia nyuma ya mlango, akaona pia macho ya Luhende.

"Kimeisha," alisema Mwalimu.

Isidori alijipangusa mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu. Akanyanyuka. "Basi ngoja niongeze kuni," akasema, na akaenda kweli kuongeza kuni. Mwenyekiti wa kijiji alifungua daftari akaandika majina saba.

Mama Tereza alikuwa ameona kutoka kwenye mkeka wake. Thadeo alipopita kumuaga hakumpa mkono. "Kile ni kisu cha baba yako," alimwambia. "Hakijabadilishwa hata mpini."

Gunia la muhogo alilikuta limeshapakiwa kwenye gari, limefungwa kwa kamba mpya.

*

"Isidori naye kapata?" Dafroza aliuliza usiku wa siku hiyo.

"Kapata," alisema mumewe.

Fidia ililipwa wiki ya tatu ya Januari, na Esta alienda Bunda na begi lake. Mkuu wa shule alimpongeza baba kwa kuthamini elimu ya mtoto wa kike. Mezani walikula nyama mara mbili katika wiki moja, na Dafroza akapumzika kwenda getini kwa kiwanda. Mwalimu alianza kuamka saa tisa za usiku bila sababu, akakaa kitandani akisikiliza mbwa wa jirani.

Mwaka 1802 hakuufundisha wiki ile aliyoahidi, wala iliyofuata. Alirudia marudio. Alitoa jaribio. Mwishowe, mwezi wa pili, msichana mmoja aitwaye Robi aliyekaaga dawati la mbele alinyoosha kidole.

"Mwalimu, wale watumwa wa Wafaransa uliwaacha wamefurahi. Kitabu kinasema wakarudishwa."

"Ndiyo. Baada ya miaka minane. Mtawala mpya alitoa sheria, utumwa ukarudi."

"Kwa nini?"

"Sukari," alisema Mwalimu. "Ilikuwa na bei nzuri na walitaka watu wa kuilima bure."

"Sasa waliwaambiaje?" Robi hakuwa na nia mbaya, alikuwa na daftari wazi na kalamu tayari. "Yaani mtu umemwambia wewe ni mwenzangu, miaka minane mnaishi. Unaenda unamwambia nini?"

Mwalimu Thadeo aliangalia ubao, kisha chaki mkononi. Wafaransa walidumu miaka minane. Ukoo wa Masatu ulidumu ishirini na moja. Aliona aibu kama ya mtu aliyeshikwa ameiba msibani.

"Hawakuwaambia kitu," alisema. "Wengine waliwaruka tu."

"Na wao wakakubali?"

"Kisiwa kimoja walishindwa, wakarudishwa. Kingine walikataa. Walipigana mpaka wakawa nchi yao wenyewe, hawakungoja tena kupewa." Akaweka chaki mezani. "Someni ukurasa unaofuata." Akatoka kabla ya kengele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na miwili.

Nyumbani alimkuta mama yake. Mama Tereza alikuwa ameletwa na gari la samaki, amekaa kwenye ngazi na kifurushi chake, miguu imevimba zaidi. Dafroza alikuwa amesimama mlangoni, na uso wake ulitosha kumwambia kwamba ameshajua.

"Nimekuja kukaa kwako," mama alisema. "Kule hakuna wa kunitoa nje juani. Isidori kaondoka."

"Kaenda wapi?"

"Kisorya. Walikuja watu wa kampuni wakang'oa muhogo wake, akawasaidia kung'oa. Alinichotea maji ya siku tatu, akajaza kila chombo, mpaka sufuria za chai. Akaniaga, 'Mama, baki salama.' Wewe hakukutaja."

Dafroza hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. "Nilikuuliza," alisema. "Nikakuuliza kabisa, Isidori kapata? Mtoto wangu anasoma kwa kidari cha Isidori na mimi sijui. Kila nikila hapa, nakula mkono wa mtu."

*

Jumamosi iliyofuata Thadeo alipita buchani asubuhi, akaomba kidari kizima. Mwenye bucha alikifunga kwa gazeti na kukitia kwenye mfuko wa nailoni. Alipanda basi mpaka Bunda, na hapo akasimama kidogo barabarani akiangalia upande wa shule ya Esta, kisha akapanda gari la Kisorya. Njia ilikuwa mbaya na vumbi likamwingia mpaka masikioni. Damu ya nyama ilivuja ikaloanisha suruali yake gotini. Abiria wa jirani alisogea pembeni.

Alimpata Isidori kivukoni, akibeba magunia ya dagaa kutoka kwenye kivuko cha Ukerewe. Alikuwa amekonda, ila mgongo wake ulikuwa umenyooka. Alipomwona Thadeo alitua gunia, akajifuta jasho kwa kiganja, akaja.

"Mwalimu," alisema. "Karibu sana."

Thadeo alikuwa amejiandaa kutukanwa. Alikuwa amejiandaa hata kupigwa, na njiani alitamani hivyo. Kuitwa Mwalimu hakuwa amejiandaa. Tangu walipokuwa watoto wakiosha mbuzi ziwani, Isidori hakuwahi kumwita hivyo.

Nyumba ilikuwa vyumba viwili vya kupanga, karibu na maji. Marieta, mke wa Isidori, alimtolea kiti, kiti pekee, akapiga goti kumsalimu kama anavyosalimiwa mgeni wa heshima. Watoto watatu walichungulia wakaambiwa waamkie.

"Nimekuletea hiki," Thadeo alisema, na kuuweka mfuko chini. "Ni kidari. Nilikosa, Isidori. Sina maneno. Nilikosa na nilijua wakati nakosa."

Isidori alifungua gazeti, akaangalia, akafunga tena vizuri kama kilivyokuwa. "Mzee Masatu alimpa baba yangu mbele ya ukoo mzima," alisema. "Wewe umekileta kwenye gazeti."

"Nitachinja. Narudi Murangi, naita watu wote, Luhende akiwemo, na mwenyekiti na daftari lake. Cha kwanza nakupa wewe. Sitaki kujua nani atakasirika."

"Halafu?"

"Halafu unarudi. Unakuwa ndugu kama zamani."

"Mpaka lini?"

Thadeo alifungua mdomo. Nje kivuko kilipiga honi, wachukuzi wakaitana.

"Mimi sikuchukii," Isidori alisema, na ilionekana ni kweli. "Baba yako alikuwa mtu mwema. Alitupa kitu kikubwa, tukakipokea kwa mikono miwili, baba akalia. Mimi nilidhani ni chetu. Kumbe kisu kilibaki kwenu. Sasa ukinipa tena leo, nitakaa nakiangalia kile kisu maisha yangu yote, kila mkichinja. Na watoto wangu nao. Hapana. Hapa hakuna mtu anajua ulezi. Wananiuliza wewe mtoto wa nani, nawaambia mimi mjukuu wa Wegesa. Wanasema haya, beba gunia."

"Na Esta?" Thadeo aliuliza. Hakujua kwa nini aliuliza hivyo.

"Esta asome. Nilisema nitamwekea, nikamwekea. Mengine ni yako." Akamgeukia mkewe. "Mama Wegesa, mgeni katoka mbali. Mpikie."

Marieta alikichukua kidari akaenda nacho jikoni. Kiliiva kwa muda mrefu. Wanaume walikaa wakaongea habari za dagaa, bei ya nauli, miguu ya Mama Tereza. Isidori aliuliza kama wanampaka ile dawa ya majani na Thadeo hakujua ni dawa gani, akaelekezwa. Ilipokuwa tayari, Marieta aliweka stuli mbele ya kiti, na juu yake sahani ya ugali na bakuli la kidari, chote, hata mchuzi wake. Isidori alishika birika na bakuli la kunawia, akamwagia Thadeo maji mikononi. Kisha yeye, mkewe na watoto wakaketi kwenye mkeka upande wa pili, wakazunguka sinia lao la dagaa.

"Njooni tule wote," Thadeo alisema. "Isidori. Hii ni yako. Tule pamoja."

"Kula, Mwalimu. Sisi tuko nyumbani."

Mtoto wa mwisho, Wegesa mdogo wa miaka mitano hivi, alimvuta baba yake shati. "Baba, huyu ni nani?"

"Ni mgeni kutoka Musoma," alisema Isidori. "Wegesa, mpelekee mgeni chumvi."

Mtoto alinyanyuka na chumvi kwenye kipande cha karatasi, akaja taratibu asije akaimwaga, akasimama mbele ya kiti. Mwalimu Thadeo alinyoosha mikono yote miwili. Mtoto akampa.